Kanisa Lililobaki na Sala

Mwaka 1921 kilichapwa London kitabu kidogo cha Kiswahili ambacho jina lake peke yake linatosha kumkalisha mtu chini: Mwaka katika Minyororo. Aliyekiandika ni Samuel Sehoza, mtumishi wa misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, misheni ambayo kitovu chake upande wa Tanga kilikuwa Magila, katika nchi ya Bonde. Kitabu kinasimulia jinsi watumishi Waafrika wa misheni hiyo walivyokamatwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuswagwa barani wakiwa wamefungwa. Wanaofuatilia historia ya fasihi yetu humtaja Sehoza miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kuandika kwa nathari ya Kiswahili, na kuchapwa, mambo yaliyowapata wao wenyewe. Heshima hiyo anastahili. Hata hivyo kitabu chake ni ushahidi wa jambo lililo kubwa kuliko fasihi. Kinatufungulia mlango wa miaka minane hivi, 1914 hadi 1922, ambamo Ukristo wa nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika ulinyang'anywa karibu kila kitu ulichokuwa ukikitegemea, ukabaki na sala. Dai langu ni kwamba ndipo ulipokuwa wa wenyewe. Shule za misheni zilikuwa zimeupanda, hilo halina ubishi. Mizizi iliingia chini katika miaka ile ambayo hapakuwa na mtu wa kumwagilia.

Kuelewa hasara ilivyokuwa, inafaa tukumbuke misheni zilivyopangwa wakati vita vinaanza. Nchi ilikuwa ya Wajerumani, lakini si wamisionari wote waliokuwa Wajerumani. Waluteri wa Leipzig walikuwa Kilimanjaro tangu 1893, kisha Upare. Ndugu zao wa Betheli walikuwa Usambara, na tangu 1910 Bukoba. Wale wa Berlin walikuwa Uzaramo na nyanda za juu za kusini. Wamoravian walikuwa Rungwe na Unyamwezi. Wabenediktini wa Kijerumani walikuwa Ndanda na Peramiho. Katikati yao walikaa Waingereza: Misheni ya Vyuo Vikuu huko Bonde, Masasi na ufukoni mwa Ziwa Nyasa, na misheni ya Kianglikana ya CMS huko Ugogo na Ukaguru. Vita vilipofika, Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari Waingereza, kisha wakawageukia walimu wao Waafrika kwa shutuma za upelelezi, kwamba wanawapelekea habari adui wa serikali. Tangu 1916 majeshi ya Waingereza na Wabelgiji yalipoingia, mambo yakageuka: sasa Mjerumani ndiye aliyefungwa, na baadaye akafukuzwa nchini. Muumini wa kawaida, Msambaa au Mgogo, Mchaga au Mbondei, hakuwa amemtangazia vita mtu yeyote. Lakini upande wowote uliposhinda, kuna mahali mchungaji alichukuliwa.

Mnyororo unaotajwa katika jina la kitabu cha Sehoza haukuwa lugha ya mafumbo. Katika utawala wa Kijerumani wafungwa waliunganishwa shingoni, kila mmoja na pete yake ya chuma, mnyororo mmoja ukipita kutoka shingo hadi shingo. Aliyewahi kuona picha za zamani za wafungwa wakifagia barabara mbele ya boma anaijua sura hiyo. Hebu tuitazame kwa karibu kama chombo kinavyofanya kazi. Mmoja akijikwaa, anawavuta wa mbele na wa nyuma. Mmoja akitaka kwenda haja, wote wanakwenda. Mwenye kuharisha hawezi kujificha, na mwenye homa hana namna ya kulala upande anaoutaka bila kuomba ruhusa ya shingo nyingine. Na hapa ndipo ninapoona jambo ambalo vitabu vya historia ya kanisa hulipita haraka: mtu aliyefungwa hivyo hawezi kupiga magoti peke yake. Akitaka kusali kwa magoti, lazima wenzake washuke pamoja naye. Sala inayosaliwa katika mnyororo, hata iwe ya kunong'ona, ni sala ya watu kadhaa kwa lazima ya chuma chenyewe. Waliofunga walinuia kumnyima kila mfungwa uhuru wa mwili wake. Kwa waliokuwa wamezoea kusali pamoja, chuma kilekile kiliwakutanisha wakati kengele ya kanisa ilipokuwa mbali sana.

Walisali nini? Swali hili lina jibu kwa sehemu kubwa, kwa sababu tunajua walivyofundishwa. Wengi wa walimu wa Misheni ya Vyuo Vikuu walipita Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, na maisha ya misheni ile yalifuata ibada ya Kianglikana ya asubuhi na jioni, kila siku, kwa Kiswahili. Askofu Edward Steere, aliyefariki 1882, alikuwa amewaachia sala, nyimbo na Maandiko katika lugha hiyo; Agano Jipya zima lilitoka 1883, na Biblia nzima 1891. Katika utaratibu wa ibada ile Zaburi zote 150 zimegawanywa katika siku thelathini za mwezi. Mwalimu aliyeufuata kwa miaka kumi alikuwa amezipitia zaidi ya mara mia moja. Zaburi za namna hiyo hazihitaji tena kitabu. Zinakaa mdomoni kama jina la mtu. Tena Zaburi, kinyume na wanavyodhani wasiozisoma, hazijajaa furaha. Sehemu kubwa yake ni vilio: mtu anamlalamikia Mungu kwa kumsahau, anawataja adui zake, anauliza mpaka lini. Ya 22 inaanza na kilio cha aliyeachwa, kilio ambacho Yesu mwenyewe alikitoa msalabani. Ya 88 inaanza gizani na inaishia gizani, bila mstari mmoja wa faraja mwishoni. Mtu aliyelelewa na maneno hayo, siku atakapofungwa shingo, hatakuwa na haja ya kutunga sala mpya wala kujilazimisha kushangilia. Anayo tayari lugha ya kumwambia Mungu ukweli wa hali yake. Mazoea ya kila siku, ambayo wakati wa amani yanaweza kuonekana kama desturi kavu, yalikuwa akiba.

Nalisisitiza hili kwa sababu tunapenda kusimulia imani ya wakati wa dhiki kama moto unaowaka ghafla: mtu anabanwa, anaita, anajibiwa. Ushahidi wa miaka hii unaonyesha kitu cha polepole zaidi. Dhiki haikuwafundisha watu wale kusali. Iliwakuta wakijua kusali, ikaziondoa sababu nyingine zote za kusali. Kabla ya vita, aliyehudhuria ibada alionekana na padre, na mwalimu mwenye bidii alipata mshahara wake mdogo na jina jema. Mtoto wake alisoma. Katika mnyororo hapakuwa na wa kumwona isipokuwa askari, ambaye kumwona kwake hakukumpatia faida yoyote. Tabora iliangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na wafungwa waliokuwa wamekusanywa huko wakafunguliwa. Wale walioendelea kusali hadi siku hiyo walisali kwa sababu waliyemsemesha alikuwa wa kweli kwao. Sioni maelezo mengine yanayotosha.

Lakini ushahidi mkubwa zaidi hauko gerezani. Uko katika sharika zilizobaki nyumbani. Waingereza walipoichukua nchi, wamisionari Wajerumani waliondolewa kwa awamu, eneo moja baada ya jingine. Huko Kilimanjaro wengi wao walivumiliwa hadi 1920, ndipo wakapakiwa melini kurudishwa Ulaya, akiwamo Bruno Gutmann wa Moshi ya Kale, mtu aliyewajua Wachaga na mila zao kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Mali za misheni za Kijerumani zilitajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, ziwekwe chini ya wadhamini wa dhehebu lilelile. Majengo yalipata mkataba. Watu hawakuupata. Unyamwezini alibaki Mmoravian mmoja, Nis Gaarde, kwa kuwa alikuwa Mdenmark. Rungwe walikuja Waskoti kutoka upande wa Nyasa. Kaskazini wamisionari wachache wenye asili ya Estonia waliachwa, na Waluteri kutoka Marekani hawakuanza kufika hadi mapema miaka ya 1920. Kati ya kuondoka kwa mmoja na kufika kwa mwingine kuna Jumapili nyingi sana, na kila Jumapili mtu fulani alipaswa kusimama mbele ya watu.

Aliyesimama alikuwa mwalimu wa kijijini. Kaskazini hapakuwa bado na Mwafrika hata mmoja aliyewekewa mikono kuwa mchungaji wa Kiluteri. Hao walikuja kuanzia 1934, mmoja wao akiwa Lazaros Laiser wa Arusha. Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwalimu asiye mchungaji, kwa taratibu za kanisa lake, hakuwa na mamlaka ya kuadhimisha Meza ya Bwana. Alichokuwa nacho ni Neno, nyimbo, na maombi. (Kiswahili chetu cha kanisani bado kinabeba tofauti za misheni zile: Mkatoliki na Mwanglikana husema sala, Mluteri na Mmoravian husema maombi zaidi, na hapa nayatumia yote mawili kwa jambo moja.) Upande wa Wakatoliki hali haikuwa tofauti sana pale mapadre Wajerumani walipoondolewa: bila padre hakuna Misa, kwa hiyo katekista aliongoza rozari na sala za Jumapili. Kwa hiyo kanisa kwa maeneo mapana ya nchi lilipunguzwa hadi kwenye kitu kimoja ambacho hakikuhitaji Mzungu, wala daraja takatifu, wala fedha kutoka ng'ambo. Kama imani ile ingekuwa ya Mzungu, huu ndio wakati ambapo ingefungashwa pamoja na mizigo yake ikapanda meli.

Haikupanda. Misheni mpya zilipofika, na Wajerumani waliporuhusiwa kurudi kuanzia 1925, walikuta sharika. Walikuta watu wanaokusanyika, watoto wanaofundishwa, wanaosubiri ubatizo wamekwisha andaliwa. Huko Buhaya jambo hili lilikuwa na mizizi mirefu zaidi. Wakristo wa kwanza wa kiinjili huko walikuwa Wahaya waliopata kusoma upande wa Uganda, wakarudi kwao wakasali kwa siri huku wakubwa wa nchi wakiwapinga, kabla mmisionari wa Betheli hajakanyaga Bukoba mwaka 1910. Mmisionari aliwakuta wakisali. Alipoondolewa na vita, walirudi tu katika hali waliyoijua, wakiongozwa na watu kama Andrea Kajerero. Josiah Kibira, mwana wa nchi hiyo aliyekuja kuwa askofu mwaka 1964, na kutoka 1977 hadi 1984 akaliongoza Shirikisho la Kilutheri Ulimwenguni, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo, aliisoma historia ya watu wake kwa mtazamo huohuo: kanisa lililoanzishwa na wenyeji, wageni wakaja baadaye kulisaidia.

Msomaji makini anaweza kuuliza kwa haki kabisa: je, si shule tu? Miaka ile kusoma na kuandika kulikuwa ufunguo wa kazi ya karani na ya ualimu, na heshima mpya katika kijiji. Mwalimu aliyelinda darasa lake la misheni alilinda pia cheo chake, na wazazi waliopeleka watoto hawakupeleka wote kwa ajili ya roho zao. Nakubali sehemu ya hoja hii, na anayeikataa kabisa hajasoma maisha ya wakati huo. Hata hivyo hoja inashindwa mahali muhimu. Shule ina faida pale ambapo kuna anayelipa na kuna ajira mbele. Kati ya 1916 na 1920 mishahara ya walimu wa misheni za Kijerumani ilikosa chanzo, kwani mfuko ulikuwa Ulaya na Ulaya ilikuwa upande wa adui. Utawala mpya ulikuwa haujajipanga. Kujulikana kuwa mtu wa misheni kulikuwa hatari zaidi kuliko faida: upande mmoja ulikufunga kwa kuwa mwanafunzi wa Mwingereza, upande wa pili ulikushuku kwa kuwa mwanafunzi wa Mjerumani. Anayetafuta cheo angesubiri upepo utulie. Wengi hawakusubiri.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sitaki kuipita kwa maneno matamu. Dhiki iliwaangusha watu pia. Wapo waliorudi kwenye tambiko za mababu zao njaa ilipobana, na waliooa mke wa pili wakijua hakuna wa kuwatenga na kanisa. Wapo ambao vita viliwatawanya wakapotea kabisa katika kumbukumbu za sharika. Na katika miaka hiyohiyo Uislamu ulienea kwa kasi sana barani, ukipelekwa na watu wa kawaida, wafanyabiashara na walimu wa madrasa, bila jeshi la wamisionari nyuma yao. Nao walisali, na dhiki yao ilikuwa ileile. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba mateso huzaa Ukristo. Mateso hayazai chochote peke yake. Ninachosema kina mpaka: kwa wale waliobaki, imani iliyotoka upande wa pili haikuwa ileile iliyoingia. Wingi wao ungeweza kupungua na bado hoja ikasimama, kwa kuwa ninazungumzia kina. Mti uliopukutika majani wakati wa kiangazi hauhesabiwi kwa majani.

Na kiangazi kilikuwa cha kweli. Waingereza na Wajerumani walipigana kwa migongo ya wapagazi; magunia ya unga na masanduku ya risasi yalibebwa kichwani. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam na hata Nairobi, ni kumbukumbu ya kikosi hicho, na kwa upande wa Waingereza peke yake waliokufa wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na uchovu kuliko kwa risasi. Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliingia mwenyewe kazini mwaka 1916 akaongoza wapagazi kutoka visiwani. Kusini, nchi ya Masasi na Lindi iligeuzwa uwanja wa vita. Mapigano ya Mahiwa, Oktoba 1917, yalikuwa miongoni mwa makali kuliko yote ya vita hivyo katika Afrika Mashariki. Kisha Ugogo ukaingia katika njaa ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, wanaume walikuwa wamechukuliwa kubeba mizigo, mvua ikakatika. Inakadiriwa kwamba katika Wagogo wapatao 150,000 walikufa kama 30,000. Watu walipokuwa bado wanazika, mafua makali ya 1918 yakaingia, nayo katika nchi nzima yanakadiriwa kuua kati ya watu 50,000 na 80,000. Hii ndiyo nchi ambayo ndani yake mwalimu wa CMS, aliyetoka gerezani Tabora akiwa mifupa, alirudi kuitisha watu kusali.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima, na hapo ndipo wenye mashaka wanapouliza swali gumu kuliko yote. Kama walimwomba Mungu mvua na mvua haikunyesha, kama walimwomba kufunguliwa na wenzao wakafia mnyororoni, kumtumaini huko kulikuwa na maana gani? Je, si kujidanganya? Jibu langu ni kwamba swali linachukulia kuwa sala ni ombi la bidhaa, na kwamba kumtumaini Mungu ni kuwa na hakika ya kuletewa. Mwenye tumaini la namna hiyo angekata tamaa mwaka wa kwanza, na bila shaka wapo waliokata tamaa hivyo. Walioendelea walikuwa wakifanya jambo jingine. Walikuwa wanakataa kumfuta Mungu katika hesabu ya mambo yaliyowapata. Anayelia mbele za mtu bado anamhesabu kuwa anasikia. Anayeacha kulia ndiye aliyemwacha. Tazama tena Zaburi za vilio: mlalamikaji hamsamehe Mungu kwa haraka, wala hasemi kwamba njaa si njaa. Anamshika kwa neno lake mwenyewe, kama mtu anavyomshika mkubwa wake aliyeahidi mbele ya mashahidi. Katika jamii zetu mtu haendi kulalamika kwa asiye na undugu naye. Lalamiko ni haki ya mwana wa nyumba. Mgogo Mkristo aliyesimama kwenye vumbi la mwaka 1919 akamuuliza Mungu wake mpaka lini alikuwa ameingia katika nyumba ya Mungu huyo kwa undani ambao darasa la katekisimu lisingeweza kumfikisha, kwa sababu darasani alifundishwa majibu. Nje alijifunza kuuliza, bila kuondoka.

Wengine watasema ushahidi wenyewe umeandikwa na waumini na wamisionari, watu waliotaka kusimulia ushindi. Ni kweli, na taarifa za misheni za miaka ya 1920 zilikuwa na sababu ya kupamba: zilisomwa Ulaya na Marekani na watu waliotoa sadaka. Lakini uhodari wa walimu Waafrika haukuwa habari iliyowanufaisha wamisionari moja kwa moja. Ulizua swali lisilopendeza: kama waliweza kulisimamisha kanisa bila ninyi, mbona bado hamwawekei mikono? Swali hilo lilichelewa kujibiwa. Kaskazini lilisubiri hadi 1934, miaka 14 tangu meli ya Gutmann na wenzake iondoke. Ushuhuda unaomsumbua anayeutoa una uzito wake. Na kuna ushahidi wa aina nyingine usiotegemea sifa za mtu, nao ni kazi yenyewe. Karl Roehl, mmisionari wa Betheli aliyetafsiri Biblia upya kwa Kiswahili, Agano Jipya likatoka 1930 na Biblia nzima 1937, alifanya kazi hiyo akisaidiwa na Waafrika wawili, Martin Nganisya na Andrea Ndekeja. Nganisya alikuwa ametoka upande wa Ziwa Nyasa, akapitia utumwa, na ndiye aliyekuwa nguzo ya Waluteri wa Dar es Salaam wakati wachungaji wao Wajerumani walipokuwa wameondolewa. Yaani mmoja wa watu waliopima maneno ambayo maelfu ya waumini wangesali nayo alikuwa mtu aliyeyapima kwanza mdomoni mwake, mbele ya watu wasio na mchungaji. Roehl analaumiwa, na mimi naona kwa haki, kwa juhudi zake za kung'oa maneno yenye asili ya Kiarabu ambayo Waswahili walikuwa wameyazoea. Lakini Nganisya alipojadili naye neno la tumaini au la kilio, hakuwa akifanya zoezi la kamusi.

Huko Ugogo nako, miaka iliyofuata Mtunya ilikuwa miaka ya kukua. Mwaka 1927 ilianzishwa Dayosisi ya Kianglikana ya Tanganyika ya Kati, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, akafika kutoka Australia. Wanaosimulia dayosisi hiyo huanza naye, kwa kuwa askofu ana kumbukumbu na picha na kiti. Mwanzo wake wa kweli uko kwa walimu wasio na kiti waliorudi kutoka Tabora kwa miguu. Ni safari ndefu hadi Mpwapwa kwa mtu aliyekondeana, nao waliipita nchi ambayo visima vilikuwa vikikauka.

Uingereza ilipoitangazia Ujerumani vita tena, tarehe 3 Septemba 1939, ilikuwa siku ya Jumapili. Wajerumani wa Tanganyika walianza kukusanywa, na kwa mara ya pili katika kizazi kimoja misheni zao zikawa yatima. Waluteri wa Marekani waliitwa tena kusaidia. Safari hii Kilimanjaro na Arusha zilikuwa na wachungaji wao wenyewe waliowekewa mikono, wachache lakini wapo, na nyuma yao walikuwepo wazee wa kanisa waliokuwa vijana mwaka 1920, waliokumbuka nyimbo zilizoimbwa siku wamisionari wa kwanza walipoondoka. Jumapili zilizofuata watu walikwenda kanisani kwa saa ileile.